Kutoka Mchakamchaka hadi Jumamosi ya Pili: Safari ya Taifa Letu Katika Mazoezi

Ndugu msomaji, ukimwuliza mzee wa Ufipa kama anafanya mazoezi, huenda akakucheka. Atakuonyesha jembe lake, atakuonyesha shamba lililo ng'ambo ya kilima, kisha atakuuliza wewe unataka mazoezi gani tena. Kwake, mazoezi ni jambo la watu wa mjini wanaoketi ofisini, wanaokula wakashiba na kutafuta namna ya kupunguza kitambi.

Mzee huyo ana haki ya kucheka, maana maisha yake yote yamekuwa mazoezi. Lakini je, mjukuu wake anayeishi Sumbawanga mjini, anayeendesha bodaboda kutwa nzima, naye anaweza kucheka hivyo hivyo? Na mama anayeuza nguo sokoni, ameketi kwenye kigoda kutoka asubuhi hadi jioni?

Katika makala hii tutatazama jinsi taifa letu lilivyojaribu, kwa njia mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali, kuwafanya watu wake wafanye mazoezi. Tutaona yaliyofaulu, yaliyofifia, na sababu zake. Kisha tutajiuliza sisi wa Rukwa tuchukue lipi.

KWA NINI MWILI UNAHITAJI KUTUMIKA

Moyo ni msuli. Kama misuli mingine yote, ukitumiwa hupata nguvu, na usipotumiwa hudhoofika. Mtu anapotembea kwa haraka, moyo husukuma damu nyingi zaidi na mishipa hutanuka. Akifanya hivyo mara kwa mara, mishipa yake hubaki laini na presha ya damu hushuka. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama kuni. Misuli iliyokaa bure haiihitaji, hivyo sukari hubaki kwenye damu, na kongosho hulazimika kufanya kazi ya ziada hadi lichoke.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Madereva waliketi kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka mamia ya ngazi kila siku wakikata tiketi. Basi lilikuwa moja, jiji moja na kazi moja, lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Hawakuwa wanamichezo, na hawakujua kwamba wanafanya mazoezi. Kazi yao ndiyo iliyowalinda.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: mwili haujali kama umetumika uwanjani au shambani. Unajali kama umetumika au haukutumika.

TULIKOTOKA

Wakati wa ukoloni, michezo ya kisasa ilikuwa ya watu wachache. Mpira wa miguu na gwaride vilifundishwa katika shule za serikali na za misioni, na vilikuwepo pia katika jeshi na polisi. Mwananchi wa kawaida wa Ufipa hakuhimizwa kufanya mazoezi, na kwa kweli hakuyahitaji. Alilima kwa kufukia nyasi katika matuta makubwa ya mviringo, kazi inayotaka mgongo wenye nguvu. Alipanda na kushuka ukingo wa uwanda wetu kwenda bonde la Rukwa au Ziwa Tanganyika. Vijana walisafiri mbali kutafuta kazi migodini na katika mashamba ya mkonge. Na jioni za mavuno palikuwa na ngoma, ambayo ni mazoezi ya mwili mzima bila kuitwa hivyo.

Baada ya Uhuru, serikali ililitazama jambo hili kwa jicho jingine. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili ngoma, michezo na mila zilizodharauliwa zipewe heshima yake. Tarehe 10 Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Huko vijana walikimbia alfajiri, walilima, walijenga na kuimba. Hapa Rukwa wengi wanaikumbuka kambi ya Milundikwa, iliyoko wilayani Nkasi.

MWAKA 1967

Mwaka 1967 una nafasi ya pekee katika historia hii. Kwa Sheria Na. 12 ya mwaka huo, serikali iliunda Baraza la Michezo la Taifa, BMT, ili kusimamia na kuendeleza michezo nchini. Mwaka huo huo ulitoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ifundishe mikono pamoja na kichwa.

Mwaka huo pia watu walitembea. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa mwezi Februari, vijana kutoka sehemu mbalimbali walianza matembezi ya miguu kuliunga mkono, wengine wakienda mamia ya kilomita. Kijana mmoja, Seti Benjamin, alifariki dunia akiwa njiani kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na jina lake likabaki katika kumbukumbu za taifa. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU.

Matembezi yale yalikuwa siasa. Hakuna aliyesema anatembea ili ashushe presha. Lakini yalifundisha jambo moja: mtu akiwa na sababu anayoiamini, na akiwa na wenzake, anatembea mbali kuliko alivyodhani anaweza. Tena kiongozi alikuwa mbele, kwa miguu yake mwenyewe.

MCHAKAMCHAKA NA HALAIKI

Wengi wetu tuliosoma shule ya msingi enzi hizo hatuwezi kusahau mchakamchaka. Kengele ya alfajiri, baridi ya Ufipa ya mwezi Juni inayong'ata masikio, na mstari mrefu wa watoto wakikimbia barabarani huku mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Ukifika shuleni mwili una joto, usingizi umekwisha, tayari kwa usafi na masomo. Hapakuwa na viatu maalumu wala vifaa vya gharama. Kilichohitajika ni barabara, sauti na mwalimu wa zamu.

Sambamba na mchakamchaka palikuwa na halaiki, yaani maonyesho ya watoto wengi wakifanya mazoezi ya viungo kwa pamoja siku za sikukuu za kitaifa. Palikuwa pia na mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA. Watumishi wa serikali walikuwa na SHIMIWI yao, na mashirika ya umma SHIMMUTA.

Katika miaka hiyo taifa lilijifunza pia namna ya kuendesha kampeni ya afya. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakatenda. Kampeni ile haikuhusu mazoezi. Ilihusu malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa yakiua. Vyoo vingi vilichimbwa. Siri yake haikuwa redio peke yake. Siri ilikuwa kikundi: baada ya kusikia, majirani walikubaliana nani afanye nini kabla ya kukutana tena.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Taifa lilijivunia, na watoto wengi walikimbia wakijiita Bayi.

YALIYOFIFIA

Kisha mambo yalibadilika. Hali ya uchumi ya miaka ya 1980 ilifanya vifaa na fedha za michezo vikose. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa, na yalirudi mwaka 2013. Mwaka 1995 ilitolewa Sera ya Maendeleo ya Michezo, lakini sera haikimbii yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa.

Wakati huo huo ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, na watoto wakafurika shuleni. Hilo ni jambo jema. Lakini madarasa mapya yalihitaji ardhi, na mara nyingine ardhi iliyokuwa karibu ilikuwa kiwanja cha michezo. Kipindi cha michezo nacho kikawa cha kwanza kuazimwa mtihani unapokaribia. Hapakutolewa amri ya kufuta mazoezi ya watoto. Yalipunguzwa kidogo kidogo, kila mara kwa sababu iliyoonekana kuwa nzuri.

Nje ya shule, kazi nayo ilibadilika. Barabara ya lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga, na bodaboda zikaenea hadi vijijini. Mashine ya kusaga ilimpumzisha mama na kinu, na pawatila ikaanza kumpumzisha baba na jembe. Tusimsikitikie mtu kwa kupunguziwa mzigo. Haya ni maendeleo tuliyoyaomba. Lakini kila mzigo unaoondoka mgongoni huondoka na sehemu ya mazoezi yetu, na hatukuweka kitu mahali pake.

MAGONJWA YALIYOINGIA KIMYAKIMYA

Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wazima. Ulionyesha kwamba takribani mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi. Wengi wa waliopatikana na presha hawakuwa wakijua kwamba wanayo.

Hapa kwetu jambo hili lina uchungu wa pekee. Mtu akianguka ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu vikapooza, mara nyingi jamaa huuliza kwanza ni nani aliyemtendea hivyo. Jina la mji wetu lenyewe wengi hulieleza kuwa na maana ya "tupa uchawi". Basi tuutupe kweli. Kiharusi kwa kawaida ni mshipa wa damu ulioziba au uliopasuka kwenye ubongo, na chanzo chake kikubwa ni presha iliyokaa miaka mingi bila kupimwa. Kila saa inayopotea katika kumtafuta mchawi ni saa ambayo mgonjwa alipaswa kuwa hospitalini. Na miaka kabla ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mazoezi, ya kupunguza chumvi na pombe, na ya kupima presha.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Rukwa zaidi ya wengine. Mkoa wetu huvuna mahindi kwa wingi, lakini umekuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa udumavu wa watoto: asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 katika utafiti wa mwaka 2015/16, na karibu asilimia 50 mwaka 2022. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mtoto aliyedumaa, akikua na kuishi maisha ya kukaa na kula vyakula vya mafuta na sukari, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata presha na kisukari. Maana yake ni kwamba watoto wetu wana deni mara mbili. Wanahitaji chakula bora sasa, na wanahitaji kukua wakijua kuutumia mwili. Haifai kumkimbiza mtoto mwenye njaa. Mchakamchaka na uji wa shuleni viende pamoja.

AMRI YA JUMAMOSI YA PILI

Serikali iliona hatari hii. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua jijini Dar es Salaam kampeni ya mazoezi ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na akaagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi, viongozi wa mikoa na wilaya wakiongoza. Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa hayo. Kule Zanzibar, tarehe 1 Januari ya kila mwaka vikundi vya mazoezi hukutana kwa siku ya mazoezi ya kitaifa.

Ndugu msomaji, hebu jiulize kwa uaminifu: Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita ulikuwa wapi?

Si lengo letu kuibeza amri ile. Siku ya pamoja inatangaza jambo, inaondoa aibu, na inamwonyesha kiongozi akitoa jasho. Lakini tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Hizo ni dakika 600 au zaidi kwa mwezi. Saa 2 za Jumamosi moja ni dakika 120 tu. Mtoto anashauriwa kupata wastani wa dakika 60 kila siku. Mchakamchaka wa dakika 20 kwa siku 5 ulimpa dakika 100 kwa wiki kabla hata ya kuhesabu mwendo wa kwenda shule, rede, kuruka kamba na mpira wa jioni.

Hapo ndipo somo la historia yetu lilipo. Jitihada zilizogusa miili ya watu wengi ni zile zilizoshikamana na jambo ambalo watu walikuwa wanalifanya tayari kila siku: kwenda shule, kulima, kucheza ngoma, kukutana na majirani. Jitihada zilizosimama peke yake, zikingoja mgeni rasmi na kipaza sauti, zilikuwa nyepesi kusahaulika. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha afya hujazwa kila siku.

TUFANYE NINI HAPA UFIPA?

1. Tulinde viwanja. Kamati ya shule na serikali ya kijiji zihakikishe kiwanja cha shule kimepimwa na mipaka yake inajulikana. Kiwanja kikishajengwa hakirudi.

2. Turudishe mchakamchaka pale ulipokufa. Walimu wachague njia salama isiyo na magari mengi, wasichana washirikishwe sawa na wavulana, na wazazi wachangie uji.

3. Vikundi tulivyo navyo vitumike. Kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, umoja wa vijana, jumuiya za kanisani na msikitini, wote hao hukutana kila wiki. Wakubaliane kutembea pamoja nusu saa kabla ya kikao. Hii ndiyo njia ya Mtu ni Afya.

4. Tutembee safari fupi. Kama ni mwendo wa dakika 15 na huna mzigo wala mgonjwa, bodaboda ya nini?

5. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki. Mama anayechota maji, kuokota kuni na kulima hana haja ya kuambiwa akimbie. Ana haja ya kupumzika. Baba anayeketi kilabuni tangu saa 8 mchana anaweza kuanza mazoezi yake kwa kubeba ndoo mbili.

6. Tusidanganyike na ushabiki. Kwenda Uwanja wa Nelson Mandela kutazama mpira ni burudani njema, lakini wanaofanya mazoezi pale ni wale 22 walio ndani ya mistari.

7. Tupime. Mtu mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apime presha na sukari katika kituo cha afya kabla ya kuanza mazoezi mazito. Aanze polepole. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na kumwona mganga. Mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu ameanza kutembea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Je, katika kijiji au mtaa wetu kuna kiwanja cha wazi ambacho watoto wanaweza kuchezea? Kilikuwepo zamani?

Ni kazi gani ambazo wazazi wetu walizifanya kwa nguvu za mwili, na sisi hatuzifanyi tena? Tumeweka nini mahali pake?

Katika ukoo wetu, nani amepatwa na kiharusi, presha au kisukari? Tulisema nini siku ile, na leo tungesema nini?

Mzee wetu wa mwanzo wa makala aliyecheka ana jembe lake mkononi bado. Mjukuu wake hana. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Mbizi, mjukuu huyo anaweza kuiacha pikipiki nyumbani nusu saa tu, akatembea na mwenzake. Hahitaji kungoja Jumamosi ya pili.